Karatasi na Sare: Kapteni wa Köpenick Jukwaani, Katika Filamu na Machoni pa Mwanafunzi wa Eastlands

Utangulizi

Mojawapo ya maswali yanayowasumbua walimu wa fasihi katika shule za sekondari ni namna ya kutumia filamu wakati wa kufundisha tamthilia. Wapo wanaoiona filamu kuwa njia ya mkato inayomfanya mwanafunzi akiache kitabu. Wapo pia wanaoionyesha Ijumaa alasiri, wanafunzi wakacheka, kengele ikalia na mambo yakaishia hapo. Makala hii inapendekeza njia ya tatu, nayo ni kuisoma filamu kama uhakiki wa tamthilia. Mwongozaji anapokata onyesho, anapoongeza mwisho mpya au anapohamisha mandhari, huwa anatoa kauli kuhusu kile anachokiona kuwa kiini cha kazi. Kauli hiyo yaweza kukubaliwa au kupingwa, na kufanya hivyo ndiyo kazi ya mhakiki.

Mfano wetu ni kisa kimoja kilichopitia mikono mitatu. Kwanza ni tamthilia ya Carl Zuckmayer, Der Hauptmann von Köpenick, yaani Kapteni wa Köpenick, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1931. Pili ni filamu ya Helmut Käutner ya mwaka 1956, ambayo imekuwa miongoni mwa filamu za kale zinazoheshimiwa zaidi nchini Ujerumani. Tatu ni filamu ya Kenya, The Captain of Nakara, iliyoongozwa na Bob Nyanja na kutolewa mwaka 2012, ambayo msingi wake ni tamthilia hiyo hiyo ya Zuckmayer.

Hoja yetu kuu ni kwamba kiini cha kisa hiki ni karatasi, na kwamba sare ni matokeo ya karatasi hiyo. Msomaji anayeanza na sare atacheka na kuhitimisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Anayeanza na karatasi atauliza ni nani aliyeifunga njia ya mkweli. Swali hili la pili lina uzito wa pekee kwa kijana wa Eastleigh, Kaloleni, Majengo au Dandora anayekaribia umri wa miaka 18 na kuanza kuitafuta kipande chake mwenyewe.

Tukio lenyewe

Kisa kimetokana na jambo lililotukia kweli. Tarehe 16 Oktoba 1906, fundi viatu aliyeitwa Wilhelm Voigt, mtu aliyekuwa ametumia miaka mingi ya maisha yake gerezani, alivaa sare ya kapteni aliyoikusanya kwa wauza nguo kuukuu. Aliwasimamisha wanajeshi wachache njiani, akawaamuru wamfuate, akapanda nao garimoshi hadi mji wa Köpenick karibu na Berlin. Huko aliuteka ukumbi wa mji, akamtia meya nguvuni, akachukua zaidi ya maki 3,500 za hazina na kutoweka. Alikamatwa siku chache baadaye, akahukumiwa kifungo cha miaka minne, lakini Kaiser alimsamehe mwaka 1908. Dunia nzima ilicheka.

Zuckmayer aliyachukua mambo haya na kuyageuza tamthilia ya vitendo vitatu. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka 1933, kazi zake zilipigwa marufuku naye akalazimika kuhama nchi. Jambo hili lafaa kutajwa darasani kwa sababu linaonyesha kwamba kichekesho hiki kiliwauma waliopenda sare.

Msuko: duara la karatasi

Katika tamthilia, Voigt anatoka gerezani akiwa na nia moja tu, kufanya kazi yake ya viatu na kuishi kwa amani. Anakwenda kituo cha polisi kuomba kibali cha kuishi mjini. Anaambiwa kwamba hapewi kibali asiyekuwa na kazi. Anakwenda kiwandani kuomba kazi. Anaambiwa kwamba haajiriwi asiyekuwa na kibali. Aidha, anaulizwa alitumikia jeshi katika kikosi gani, naye hakuwahi kuwa mwanajeshi. Anaomba pasipoti ili aondoke nchini, kwa maana alikwisha kufanya kazi ugenini bila matatizo. Hiyo nayo hapewi.

Huu ndio msuko wa duara ambao ni muhimu mwanafunzi auchore ubaoni kwa mishale. Kila mlango unampeleka kwenye mlango mwingine, na mlango wa mwisho unamrudisha kwenye ule wa kwanza. Voigt anapovunja kituo cha polisi usiku ili ajipatie pasipoti mwenyewe, anakamatwa na kufungwa miaka kumi. Gerezani, mkuu wa gereza anayependa mno mambo ya kivita anawafundisha wafungwa mbinu za jeshi kwa kuigiza vita vya Sedan. Hapa pana kinaya kikubwa cha hali: serikali yenyewe ndiyo inayomfunza mfungwa jinsi ya kutoa amri.

Katika kitendo cha pili, Voigt anakaa kwa dada yake. Shemeji yake, Hoprecht, ni mtumishi mwaminifu wa serikali anayeamini kwamba sheria haina makosa, hata pale anaponyimwa cheo alichostahili. Nyumbani humo yumo msichana mgonjwa ambaye Voigt humsomea hadithi. Msichana anafariki dunia, na wakati huo huo Voigt anapokea barua ya kumfukuza wilayani. Ndipo anapobishana na shemeji yake usiku. Anauliza atamjibu nini Mungu akiulizwa ameyatumiaje maisha yake, ilhali sehemu kubwa ameimaliza akisuka mazulia ya mlangoni gerezani. Onyesho hili ndilo moyo wa tamthilia. Sare bado haijavaliwa, wala hakuna aliyedanganywa. Yupo mtu mzima anayeomba ruhusa ya kuwa mahali fulani.

Sare kama mhusika

Sambamba na msuko wa Voigt, Zuckmayer anatusimulia maisha ya sare. Inashonwa na fundi wa Potsdam kwa ajili ya kapteni halisi. Kapteni huyo anapoteza cheo kwa sababu ya ugomvi uliotokea mkahawani akiwa amevaa nguo za kiraia, ambapo hakuna aliyemtambua. Sare inanunuliwa na Obermüller, ambaye baadaye ni meya wa Köpenick. Inapombana kwa unene inarudi kwa fundi, inavaliwa na binti wa fundi katika dansi ya kujigeuza sura, kisha inaishia katika duka la nguo kuukuu. Hapo ndipo Voigt anapoikuta.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kapteni halisi asiye na sare si kitu, na asiye kapteni mwenye sare ni kila kitu. Pili, meya anakamatwa na sare aliyowahi kuivaa mwenyewe. Mtunzi ametumia sadfa, lakini sadfa hii imeandaliwa hatua kwa hatua na kwa hivyo inageuka jazanda ya mamlaka yanayomrudia mwenyewe.

Mwanafunzi wa Eastlands hahitaji kufika Berlin ili aielewe safari hii. Gikomba iko kando ya Pumwani. Anajua kwamba koti lililovaliwa na meneja wa benki ng'ambo laweza kuvaliwa kesho na kondakta wa matatu. Anajua pia kwamba raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na kwamba hata kitambaa kinachofanana nazo chaweza kumletea mtu balaa. Mwalimu aanzie hapo, kisha aulize: je, nguo inapobadilisha mikono, cheo nacho hubadilisha mikono?

Kutoka jukwaani hadi kwenye filamu

Käutner aliandika mswada wa filamu pamoja na Zuckmayer mwenyewe. Dhima ya Voigt ilipewa Heinz Rühmann, mwigizaji ambaye watazamaji wa Ujerumani walimzoea kwa vichekesho. Uteuzi huu ni kauli ya kihakiki. Mtazamaji anakuja akiwa tayari kucheka, kisha anakutana na mzee mnyonge mwenye kofia mkononi. Kicheko kinamkwama kooni. Jukwaani, mwigizaji hana budi kuukuza unyonge ili aliyeketi safu ya nyuma auone, ilhali katika filamu kamera humkaribia mtu mpaka ukimya wake ukawa mazungumzo. Hii ni faida ambayo tamthilia iliyoandikwa haiwezi kuipata isipokuwa kwa maelekezo ya jukwaani.

Wakati wa kutolewa kwa filamu nao ni muhimu. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeunda jeshi jipya mwaka 1955, miaka kumi tu baada ya vita. Kuwaonyesha watu wa mwaka 1956 taifa linalosimama wima mbele ya vifungo vya shaba kulikuwa kuwauliza swali la siku hiyo. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mhakiki hapaswi kulinyamazia. Tamthilia inamalizika Voigt akiwa mikononi mwa polisi. Amejisalimisha kwa ahadi ya kupewa pasipoti, maana huko Köpenick aligundua kwamba ukumbi alioteka haukuwa hata na idara ya pasipoti. Anaomba kioo, anajitazama ndani ya sare kwa mara ya kwanza, anaangua kicheko, na pazia linafungwa. Filamu inakwenda mbele zaidi na kutuonyesha huruma ya Kaiser pamoja na pasipoti mkononi. Kihistoria msamaha huo ulitolewa kweli. Kisanaa, kwa maoni yetu, unapunguza makali. Mwisho wa tamthilia unaliacha duara likiwa zima. Mwisho wa filamu unalifungua kwa hisani ya mkubwa mmoja. Mtazamaji anatoka akiwa ametulia, ilhali sheria iliyomtesa Voigt inabaki pale pale kwa ajili ya Voigt mwingine.

Kapteni wa Nakara

Katika filamu ya Bob Nyanja, mhusika mkuu ni Muntu, anayeigizwa na Bernard Safari. Ni mhalifu mdogo anayetoka gerezani, anampenda binti aitwaye Muna, anayeigizwa na Shirleen Wangari, na ili apate kumwoa anajifanya mfanyabiashara. Anahitaji leseni ya kuuza sokoni. Leseni haipatikani, na hatimaye anavaa sare katika nchi inayotawaliwa na wanajeshi.

Kuhusu mandhari, Nakara ni nchi ya kubuni. Mwanafunzi aliyesoma tamthilia za Kiswahili zilizotahiniwa nchini anaifahamu mbinu hii. Kithaka wa Mberia alitupa Butangi katika Kifo Kisimani, Timothy Arege akatupa Cheneo katika Mstahiki Meya, na Pauline Kea akatupa Sagamoyo katika Kigogo. Mtunzi hubuni nchi ili aiseme ile tunayoijua. Kufungwa kwa soko la Chapakazi katika Kigogo na kunyimwa leseni kwa Muntu ni mambo ya ukoo mmoja, kwa maana katika kazi zote mbili riziki ya mnyonge iko katika kalamu ya mwenye cheo. Mwalimu anaweza kuziweka kazi hizi pamoja.

Jina la mhusika nalo lina maana. Katika lugha nyingi za Kibantu, muntu ni mtu. Kwa hivyo anayesimama foleni akisubiri karatasi ni mtu, bila sifa nyingine yoyote. Jina hili lina uzito kuliko la Voigt, kwa sababu linauliza waziwazi kama utu hutangulia karatasi au karatasi hutangulia utu.

Hata hivyo, katika kuhamia kwetu kisa kimebadilika mahali pamoja panapostahili mjadala. Katika Köpenick ya Zuckmayer hakuna afisa anayemdai Voigt hongo. Makarani wake ni waadilifu kwa kipimo chao. Kila mmoja anaisoma kanuni ilivyoandikwa na kuifuata mpaka nukta. Ukatili wao ni safi. Nakara, kwa upande wake, ni nchi ya ufisadi, na tatizo la Muntu linaeleweka upesi kwa mtazamaji wa Kenya kama tatizo la wakubwa walafi.

Badiliko hili limeleta faida ya ukaribu, lakini pia limetupunguzia swali gumu. Wanafunzi wetu wamezoea kuorodhesha ufisadi kama maudhui ya kila tamthilia inayogusa serikali. Ukiwauliza Voigt angefanya nini, wengi watajibu bila kusita kwamba angetoa kitu kidogo. Jibu hilo ni la werevu wa mtaani, na mwalimu asilidharau. Lakini amwulize mwanafunzi: kama karani hachukui chochote, je? Hapo ndipo tamthilia ya Zuckmayer inapotuzidi maarifa. Inatuonyesha kwamba hongo ikikomeshwa yote, kanuni mbaya bado itamfukuza mtu mwema mlangoni.

Hali kadhalika, tofauti hii inajitokeza tukilinganisha na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Christon Mwakasaka. Huko kijana mpita njia anadhaniwa kuwa mkaguzi, na hongo zinammiminikia kwa sababu kila mkubwa ana la kuficha. Gogol anawacheka wenye hatia. Zuckmayer anawacheka wasio na hatia, na hilo ni zito zaidi.

Kwa nini Eastlands

Historia ya mitaa ya mashariki ya Nairobi ni historia ya karatasi. Mfumo wa kipande uliowekwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ulimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Bila sahihi ya mwajiri, mtu hakuwa na haki ya kuonekana mjini. Duara la Voigt, yaani hakuna kazi bila kibali wala kibali bila kazi, lilikuwa maisha ya kila siku ya mababu wa wanafunzi wetu. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, askari wapatao 25,000 waliizingira Nairobi na kuipekua mitaa ya Waafrika, ambayo mingi ilikuwa upande huu wa jiji. Makumi ya maelfu ya watu walizuiliwa au kufukuzwa mjini. Msako ulianza kwa kuuliza karatasi.

Uhuru haukulifuta swali hilo. Mnamo Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya wakazi wa Eastleigh walikamatwa na wengi wao kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vichunguzwe. Kwa miaka mingi vijana wa jamii za kaskazini na mipakani, wakiwemo waliozaliwa hapa Nairobi, walipitishwa katika kamati za uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani zao walikipata bila uchunguzi huo. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo hilo ni mfano mzuri wa kuzungumzia darasani. Lilihitaji kanuni kubadilishwa. Makarani wenye tabia njema peke yao wasingetosha.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Eastlands ana nyenzo ambayo huenda wenzake wa Berlin hawana. Darasani mwake wamo wanafunzi wanaomjua mtu aliyesema ukweli wote, akaleta kila cheti alichoambiwa, na bado akaambiwa arudi wiki ijayo. Wakiongozwa vyema, hawatamwona Voigt kama tapeli wa kuchekesha. Watamwona kama mtu wa nyumbani.

Katika kufundisha

Yapo matatizo. Filamu ya Käutner ni ya Kijerumani na tamthilia yenyewe ni nadra kupatikana kwa wanafunzi wetu. Si lazima kuionyesha yote. Maonyesho matatu yanatosha: kituo cha polisi, ubishi wa Voigt na shemeji yake, na kutekwa kwa ukumbi wa mji. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, kisha wanafunzi wayaandike upya kama mazungumzo ya tamthilia, wakitumia afisi na foleni wanazozijua. Zoezi hili linawafunza maelekezo ya jukwaani kuliko ufafanuzi wowote wa kitabuni. Baadaye watazame The Captain of Nakara na kulinganisha.

Tahadhari moja ni muhimu. Zoezi lisigeuke kumwuliza mwanafunzi mbele ya wenzake kama familia yake ina vitambulisho. Kwa baadhi yao hilo ni jeraha. Fasihi inatupa Voigt na Muntu ili tuweze kuyasema mambo haya bila kumvua mtu nguo hadharani.

Hitimisho

Tumeona kwamba kisa kimoja kimesomwa kwa njia tatu. Zuckmayer aliliacha duara bila kulifungua, Käutner akalifungua kwa msamaha, na Nyanja akalihamishia sokoni na kulitia ufisadi tunaoujua. Kila njia ina haki yake. Lakini mwanafunzi anayehakiki kwa makini atauliza karatasi imekwenda wapi katika kila toleo, kwa maana aliyevaa sare haulizwi karatasi, na asiye na karatasi huishia kuitamani sare. Hilo ni onyo kwa jamii yoyote inayowafungia vijana wake milango ya halali na kisha ikawashangaa wanapopita dirishani.

Maswali ya mjadala

1. "Voigt ni mhalifu." Jadili kauli hii ukirejelea msuko wa tamthilia.
2. Linganisha dhima ya kioo katika mwisho wa tamthilia na dhima ya msamaha katika mwisho wa filamu. Ni mwisho upi unaokuridhisha kisanaa, na kwa nini?
3. Onyesha jinsi mbinu ya mandhari ya kubuni ilivyotumiwa katika The Captain of Nakara na katika tamthilia moja ya Kiswahili uliyoisoma.
4. Hoprecht anaamini kwamba sheria haina makosa. Mtetee au mpinge kwa kuzingatia hali yake mwenyewe.
5. Andika onyesho fupi ambamo mhusika mwaminifu anaomba karatasi kwa karani ambaye pia ni mwaminifu, na bado anaondoka mikono mitupu.